Idi ya Watu Wawili: Historia Iliyomo Chunguni



Ndugu msomaji, ukiambiwa Idi, kitu gani kinakujia akilini kwanza? Wengi wetu tutasema sinia. Sinia kubwa la pilau, watu sita wamelizunguka, watoto wamevaa mapya, wageni wanabisha hodi kabla waliotangulia hawajanawa mikono. Hiyo ni Idi, alhamdulillah, na Mwenyezi Mungu atuzidishie.

Lakini kuna Idi nyengine ambayo haiandikwi sana. Ni ile ya nyumba yenye watu wawili tu. Mzee na mkewe ambao watoto wao wako Mombasa, Nairobi au Saudia. Maharusi wapya waliopanga chumba kimoja Ukunda. Ndugu wawili wanafunzi. Mama mjane na binti yake. Kwetu hapa Bodo nyumba kama hizo ni nyingi, na nimesikia watu wakisema, "Ah, sisi hatuna Idi, tuko wawili tu, tutapika nini?"

Makala hii ni ya kulijibu neno hilo, na nitalijibu kwa historia. Ukiifuatilia historia ya chakula cha pwani yetu utaona kwamba chungu kidogo cha Idi hakina upungufu wowote. Ndani yake mna karne nyingi za safari, za kazi, na za dini yetu.

Kipimo kilikuwa kabla ya sinia

Tuanze pale Idi yenyewe ilipoanzia. Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa Madina katika mwaka wa 2 wa Hijra, yaani mwaka 624 Miladia, na mwaka huo huo ikaamrishwa zakatul-fitri. Katika Hadithi tunaelezwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa hatoki kwenda kusali Idil-Fitri mpaka ale tende kadhaa, kwa hisabu ya witiri. Tende chache, basi. Hicho ndicho chakula cha kwanza cha sikukuu hii, na mtu yeyote anakiweza, awe peke yake au awe na ukoo mzima.

Sasa angalia zakatul-fitri. Kila mtu anatolewa saa moja ya chakula kinacholiwa katika mji. Saa ni mudi nne. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na vipimo vyao: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa hivyo pishi ni vibaba vinne, kama saa ilivyo mudi nne, na vipimo hivi viwili vinakaribiana. Ndiyo maana katika madrasa zetu ukisikia saa, utasikia pia pishi. Kwa kilo za leo ni kama kilo 2 na nusu hadi 3.

Haya, tupige hisabu. Nyumba ina watu wawili. Wakipika kibaba kimoja cha mchele siku ya Idi watashiba na kitabaki cha kupasha asubuhi. Lakini kabla ya sala, wakiwa wana ziada ya chakula chao cha siku hiyo na usiku wake, wanatakiwa watoe pishi mbili, yaani vibaba vinane. Wanatoa mara nane ya wanachopika!

Umeona hapo? Sheria haikuuliza chungu chako kina ukubwa gani. Imehisabu vichwa, kisha ikahakikisha kwamba maskini naye amepata cha kupika. Nyumba ya wawili iliyotoa pishi zake mbili imeshaingia ndani ya Idi kabla haijawasha moto.

Vyakula viwili vya Ibn Battuta

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tangier kule Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331. Habari zake zasomwa mpaka leo, na ndani yake mna chakula.

Alipofika Mogadishu alikirimiwa na wenyeji. Anasimulia wali uliopikwa kwa samli ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mpaka akastaajabu kwamba mtu mmoja wa pale hula kiasi cha kikundi cha watu wa kwao!

Kisha akashuka na jahazi mpaka Mombasa, akalala usiku mmoja. Huko hakuna sinia analolisifia. Anasema chakula cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki, na nafaka yao huletwa kutoka bara ya pili. Lakini watu wenyewe aliwasifu sana. Ni watu wa dini, wenye kujihifadhi na wema, madhehebu yao Shafi, misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi, na milangoni mna visima ambapo watu huosha miguu kabla ya kuingia.

Ewe kijana, hapo pana funzo. Safari moja, vyakula viwili. Kimoja cha karamu ya kifalme, chengine ndizi na samaki tu. Na wale wa ndizi na samaki ndio aliowaandikia sifa ya ucha Mungu. Sisemi karamu ni mbaya, la. Nasema kwamba tangu zamani hizo, chakula kidogo na heshima ya dini vilikaa pamoja katika pwani hii hii yetu.

Chungu cha Kwale

Tuingie jikoni sasa. Kwanza chungu chenyewe. Wengi hawajui kwamba jina la Kwale ni mashuhuri kwa wanaakiolojia wa Afrika nzima. Mwaka 1967 mtaalamu Robert Soper alichapisha habari za vigae vya vyungu vilivyochimbwa Kwale, vya wakulima wa mwanzo waliojua kufua chuma, takriban miaka 1,800 iliyopita. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo, hata vikipatikana mbali na hapa, huitwa kwa jina la Kwale. Kwa hivyo wewe wa Bodo, Ramisi au Msambweni unapoteleka chungu, unafanya kazi ambayo ardhi hii inaijua siku nyingi.

Je, ndani ya vyungu vile mlikuwa na wali? Hapana. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa Baghdad ambaye safari yake ya mwisho katika pwani ya Zanj ilikuwa mwaka 916, ametaja kwamba chakula kikuu cha watu wa huku kilikuwa mtama na mzizi fulani unaochimbwa ardhini. Wachimbuzi wa Pemba nao walikuta kwamba watu wa mji wa kale wa Tumbe walikula zaidi uwele, na ni kuanzia karne ya 11, katika mji wa Chwaka wa huko huko Pemba, ndipo mpunga ukawa mwingi. Mpunga ulivuka bahari kutoka Asia, ukapandwa, ukapendwa, ukawa chakula cha heshima.

Na ulipopendwa, lugha yetu ikaupa majina matatu. Ukiwa shambani ni mpunga, ukishatwangwa ni mchele, ukishapikwa ni wali. Wenzetu wengi duniani wana neno moja tu kwa vyote vitatu. Mama zetu wa Kwale waliulima katika mabonde yenye maji, na Vanga inajulikana kwa mpunga mpaka leo, ingawa mchele mwingi tunaonunua dukani siku hizi hutoka ng'ambo, hasa Pakistan.

Nazi mbili, samaki mmoja

Hapa kwetu Bodo chakula cha Idi cha watu wawili hakitaki mawazo mengi. Wali wa nazi na samaki wa kupaka vyatosha kabisa. Mbuzi wa kuchinjwa si lazima. Mbuzi wa kukunia nazi ndiye wa lazima!

Chukua nazi mbili na vikombe viwili vya mchele. Nazi ya kwanza ni ya wali. Ikune, ikamue kwa kifumbu, tui zito liweke kando. Ongeza maji, ukamue tui jepesi. Mchele upike kwa tui jepesi na chumvi. Ukikaribia kukauka, mimina tui zito, funika, punguza moto, upalie makaa machache juu ya kifuniko. Usiwe na haraka. Wali wa nazi ukiharakishwa unakuwa bokoboko.

Samaki ni changu mmoja wa kiasi, au tafi. Mpasue, mtie chumvi, thomu, tangawizi, ndimu na pilipili, akae kidogo, kisha mchome kwa makaa. Nazi ya pili toa tui zito, lichemshe polepole na bizari, thomu, pilipili na ukwaju, huku ukikoroga lisikatike, mpaka lishikane. Mpake samaki upande huu, mgeuze, mpake upande wa pili, mrudishe motoni kidogo tu. Kachumbari ya kitunguu na tungule pembeni, na chakula kimekwisha.

Sasa kihistoria, hapo umekula nini? Nazi: utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya upande wetu huu wa bahari, hasa ya Madagaska na Komoro, ina asili ya pande mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Mabaharia wa kale kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki ndio waliochangia kuileta. Pilipili na tungule ni za Marekani. Hazikuwako huku mpaka baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa mwaka 1498 na Wareno kuanza kuleta mimea ya huko ng'ambo. Mahindi, muhogo, papai na nanasi ni ndugu zao wa safari hiyo hiyo. Kwa hivyo Ibn Battuta, pamoja na ulaji wake wote, hakuonja kachumbari ya tungule wala samaki wa pilipili kama wako.

Na samaki? Huyo ndiye mwenyeji. Wengi wao huanza maisha yao wakiwa wadogo kwenye mikoko, kama hii inayozunguka Bodo, Funzi na mlango wa mto Ramisi. Lakini upatikanaji wake hufuata upepo. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, basi Idi inatembea, na kila baada ya miaka kama 33 inarudi pale pale. Idi ikiangukia kaskazi, bahari ni shwari na ngalawa zaenda mbali. Ikiangukia kusi, bahari imechafuka na changu huwa haba. Huenda ukapika dagaa au kunde za nazi. Bibi zetu walilijua hilo, wakapika kilichopatikana, na hakuna aliyesema Idi imepotea.

Viungo na jasho la watu

Ukitaka pilau badala ya wali, utahitaji mdalasini, iliki na karafuu. Mdalasini asili yake Sri Lanka, iliki ni ya India, karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwanzo wa karne ya 19 karafuu ikapandwa Unguja, na chini ya utawala wa Sayyid Said ikaenea Unguja na Pemba.

Lakini tuseme kweli, maana historia si ya kujisifia peke yake. Mashamba yale ya karafuu yalilimwa na watumwa. Hata katika pwani ya Kenya, Malindi na Takaungu, nafaka nyingi iliyosafirishwa Uarabuni karne hiyo ilitokana na jasho lao. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Wajukuu wao tunaishi nao, tunasali nao safu moja, na wengi wetu ni sisi wenyewe. Tunaponusa harufu nzuri ya karafuu chunguni, inatupasa tukumbuke kwamba wako waliopika vya watu wengine maisha yao yote bila ya kukaa kula kwa uhuru na mtu wampendaye. Watu wawili kula chakula chao, nyumbani kwao, kwa hiari yao, si jambo dogo. Ni neema.

Karamu za fahari

Utauliza, sasa imekuwaje tukaona haya kupika kidogo? Sababu moja ni kwamba katika miji yetu ya pwani karamu ilikuwa pia njia ya kutafuta ukubwa. Chukua mfano wa jirani zetu Wavumba, upande wa Vanga na Wasini. Afisa wa Kiingereza A. C. Hollis aliandika habari za Vumba mwaka 1900. Huko Diwani hakutawazwa kwa nasaba peke yake; alitakiwa awalishe watu wa mji, na siwa ikapigwa. Asiyeweza kulisha hawezi kutawala.

Desturi ile ilikuwa na wema wake, kwa sababu mali ya tajiri ilirudi kwa watu. Lakini ilituachia ugonjwa vilevile, nao ni kudhani kwamba heshima ya mtu ni wingi wa masinia yake. Leo hatutawazi Diwani, lakini mtu anakopa dukani ili apike biriani ya watu 40, na mwezi wa Shawwali wote anakwepa kupita mbele ya duka hilo. Je, hiyo ni Idi au ni mtihani?

Mwaka 2020

Historia nyengine tumeiona kwa macho yetu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Misikiti ilifungwa. Kuanzia tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Ramadhani nzima hakuna tarawehe ya jamaa msikitini, na Idi ya mwisho wa Mei ikatukuta hivyo.

Mimi nilikuwa bado niko shule ya upili, na skuli zimefungwa. Baba na mama walikuwa Mombasa, hawawezi kuvuka. Tulikuwa mimi na bibi tu. Asubuhi tulisali nyumbani, maana kwa madhehebu yetu ya Shafi sala ya Idi yaswihi hata kwa mtu peke yake: rakaa mbili, takbira saba katika ya kwanza na tano katika ya pili. Bibi alikuwa ameshapeleka zakatul-fitri usiku, akapima kwa kibaba chake cha bati cha zamani. Kisha akaniambia, "Leo, mjukuu wangu, mpishi ni wewe, mimi nitakaa kitako nikukosoe." Nikakuna nazi. Akanikosoa kweli! Tulikula mkekani mpaka adhuhuri, bila mgeni wa kumkimbilia wala sinia la kuosha. Akanisimulia habari za Ramisi ya zamani, wakati kiwanda cha sukari kinafanya kazi, kabla hakijafungwa mwaka 1988. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kukaa na bibi yangu saa tatu mfululizo siku ya Idi, kwa sababu siku zote alikuwa jikoni akiwapikia watu wengi.

Msomaji, zingatia maneno hayo. Mara nyingi sinia letu kubwa lina mtu mmoja nyuma yake ambaye hakuikalia Idi yenyewe. Naye mara nyingi ni mama.

Basi tufanyeje?

Kwanza, wewe uliye mmoja wa wawili, usiseme huna Idi. Koga, vaa kizuri ulicho nacho, kula tende zako, toa pishi zako, nenda ukasali. Ukirudi pika kidogo na ukipike vizuri.

Pili, kijana wa kiume, ingia jikoni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani. Kukuna nazi mbili hakutakupunguzia uanaume.

Tatu, kibaki chochote, hata sahani moja, kifunike kipelekwe kwa jirani. Haba na haba hujaza kibaba, na sahani mbili zikikutana kwenye ua zimeshakuwa karamu.

Nne, muulize mzee unayekula naye: zamani Idi mlikula nini? Mpunga mliutoa wapi? Nani aliwapikia? Majibu hayo hayamo katika vitabu vya skuli. Wazee wetu wanapungua kila Ramadhani, na mengi wanayoyajua hawajapata mtu wa kuwauliza.

Na wewe uliye mbali, Doha, Jeddah au Nairobi, ujue kwamba katika nyumba fulani hapa Bodo wamekaa wawili siku hiyo, na chakula kikiiva watalitaja jina lako. Piga simu kabla hawajanawa mikono.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, na azijaze baraka nyumba zetu, za watu wengi na za watu wawili. Taqabbalallahu minna waminkum.

Wabillahi tawfiq. Idi Mubarak.